Njia ya Makaburini

Hoyt Ollis alipiga goti kwa taabu chini ya mti ulioanza kugeuka manjano upande mmoja. Akatoa kisu mfukoni, akakwangua ganda pale shina linapoingia ardhini. Ndani palitakiwa pawe peupe. Palikuwa na rangi ya mdalasini. Akabaki palepale, maana hata wazo la kuinuka lilimchosha.

Shamba la bondeni alikwisha kulipoteza. Mwaka ule wa mvua nyingi maji yalituama, mizizi ya miti ya Krismasi ikaanza kuoza, na Hoyt, kwa ukaidi wake, kila majira ya kuchipua akawa anapanda miche mipya palepale ilipokufa ya zamani. Akachimba mifereji. Akamwaga dawa. Akapanda tena. Ugonjwa huo ukishaingia kwenye udongo hautoki, hilo kila mkulima wa milima hii ya North Carolina analijua, na Hoyt alilijua kuliko wengi. Ila kujua ni kitu kimoja, kukubali ni kingine. Sasa alibakiwa na shamba la juu tu, kwenye udongo mkavu wa mteremko, lenye miti iliyokaribia kukatwa. Likifa na hilo, basi, ukulima wa baba na babu umemwishia mikononi.

"Huku maji hayatuami," alisema. "Ugonjwa umepandaje mlima?"

Aliyeulizwa ni Ardith, mdogo wa marehemu mkewe. Naye ana miti yake ng'ambo ya kijito, na mdomo usio na breki. Kila Jumamosi tangu msiba humletea Hoyt sufuria ya maharage na mkate wa mahindi, na maneno juu yake.

"Trekta?" Ardith alikisia.

"Halijapanda huku tangu nilime mara ya mwisho, na wakati huo bondeni palikuwa pazima."

"Mbwa?"

"Mbwa gani, shemeji? Mbwa alikufa."

"Basi inuka tuangalie. Au nikaite watu wakunyanyue na winchi?"

Hoyt akainuka, magoti yakilalamika. Ardith alichana shuka kuukuu jekundu alilolikuta kwenye gari, wakaingia shambani. Kila mti uliofifia waliufunga kitambaa. Ilikuwa kazi ya kuvunja moyo. Mingine ilikuwa imefika kifuani, mizuri ya kutamanisha, ila tawi moja tu la chini limekauka, na hilo linatosha.

Walipofika juu kabisa, Ardith aligeuka kutazama walikotoka. Utani ukamtoka usoni.

"Hoyt. Hebu tazama."

Vitambaa havikuwa vimetapakaa. Vilipanda kwa mstari mmoja, kutoka lango la shamba la bondeni, vikakata mteremko, hadi kwenye uzio mdogo wa makaburi ya ukoo wa Ollis. Ndani ya uzio huo, kwenye kaburi jipya kuliko yote, alilala Orlena, mkewe.

"Ukitoka kuchimba kule chini jioni," Ardith aliuliza taratibu, "ulikuwa unakuja kwake moja kwa moja?"

Hoyt akatazama mabuti yake. Tope la bondeni lilikuwa limegandia hadi kwenye vifundo.

"Kila siku," alisema. "Namsimulia kazi ilivyokwenda."

Ardith akafuta macho kwa kiganja, kisha akakasirika, kwa kuwa ndivyo anavyojua kulia.

"Haya, sikia. Yote yenye kitambaa ing'oe, pamoja na inayopakana nayo, uichome hapohapo. Usiburute kitu. Na usirudishe miche hii hii kama ulivyofanya bondeni, kichwa ngumu wewe! Panda ile ya Uturuki, mizizi yake inavumilia, au ya aina yetu iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa, juu ya shina la hiyo. Na hapa uache kupita."

"Niache kuja kwa Orlena?"

"Nimesema kupita. Barabara ya kanisani ipo."

"Ni kuzunguka mlima mzima."

"Zunguka."

Jioni Hoyt alikaa kwenye ngazi za nyumba akiwa hoi. Miaka yote ya ndoa yao, akikanyaga tu ngazi hizi, sauti ilikuwa ikitoka jikoni: "Mabuti, Hoyt!" Naye alikuwa akicheka, anaingia nayo, na Orlena anapiga deki nyuma yake.

Akayavua. Akayasugua kwa brashi mpaka nyayo zikaonekana, akayatumbukiza kwenye ndoo ya maji yenye dawa. Kisha akavaa viatu vyake vya Jumapili na kushika barabara ya kanisani, akipumzika kila kona.

Jua lilikuwa limeshazama alipofika. Mbele ya lango la uzio aliinua mguu mmoja, akakagua soli, akainua wa pili. Ndipo akaingia.

"Nimevua, Orlena," alisema. "Leo nimevua."