Ukuta Uliocheka

Jabali Ndevu-Saba alikuwa shujaa wa kuogofya. Alikuwa na shoka, ndevu zilizosukwa mikia saba na sauti ya kupasua mwamba, na hakuogopa kitu chini ya jua isipokuwa kuku. Kwa bahati mbaya, vita vilipopamba moto mbele ya ngome ya Nyoka wa Lango, alipiga chafya. Kidole kikateleza kwenye kioo cha simu, shoka likaenda kushoto badala ya kulia, na Jabali akatiwa mbaroni.

Mwenye kidole hicho alikuwa bibi mmoja fundi wa magodoro, asiye na meno ya mbele wala haya. Mtaani kwake walimwita Bibi Godoro, naye aliitika bila kununa. Afadhali kuitwa Godoro, alisema, kuliko kuitwa Marehemu.

Siku Jabali anafungwa, bibi mwenyewe alikuwa ameshafungwa zamani. Alianguka bandani kwake akivuta gunia la sufi, akavunjika mguu, akalala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuulizia mto wake. Mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, alipopata habari alilia njia nzima, kisha akambeba mama yake mgongoni mpaka ghorofa ya nne, nyumbani kwake, katika jengo lisilo na lifti.

"Mpaka upone, mama," alisema.

Mguu ukapona. Mlango ndio haukupona.

Mlango wenyewe ulikuwa wa nondo, na ufunguo wa kufuli lake ulining'inia kwa uzi shingoni mwa mkwe, mke wa dereva. Kabla ya kuondoka na lori, dereva alikuwa amemwapisha mkewe: "Mama asikanyage ngazi mpaka nimwone kwa macho yangu anashuka mwenyewe." Ila macho yake hayo yalifika nyumbani Jumamosi yamejaa vumbi, yakalala mpaka Jumapili, yakaondoka tena. Hayakupata nafasi ya kumwona mtu akishuka ngazi.

Jumapili moja, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, dereva alisema kama mtu anayesema mawingu yametanda: "Lile banda lako, mama, nimelipatia mpangaji. Anauza rangi. Ataingia Jumamosi, banda pamoja na chumba cha nyuma."

"Na mimi nilale wapi, ndani ya kopo la rangi?"

"Wewe utapumzika hapa."

Bibi alilijua neno hilo. Magodoro ya watu waliokwenda kupumzika yaliletwa kwake ayafumue. Chumba cha nyuma kilikuwa ndicho kitanda chake, na banda ndilo mikono yake. Muuza rangi akishaingia, hata mlango wa nondo ukifunguliwa, hakuna pa kurudi.

Angemwomba nani? Mkwe? Mkwe alifanya kazi hapohapo nyumbani, spika masikioni, akipokea simu za watu waliokatiwa maji. Kutwa bibi alimsikia nyuma ya ukuta: "Asante kwa kusubiri, mpendwa mteja. Pole sana, mpendwa mteja." Watu wakamtukana mpaka mama yake mzazi, naye akawajibu kwa asali. Jioni ikifika asali imekwisha, na mama mkwe akaambulia makombo: "Chai hii hapa, mama." "Dawa umemeza?" "Mama, ondoka dirishani." Kisha kila mtu chumbani kwake, mlango umerudishwa.

Ndiyo maana bibi aliangukia mchezoni. Alikuwa anatafuta taarabu kwenye simu, tangazo likaruka usoni mwake, akabonyeza alama ya kulifunga, akaikosa. Ghafla akawa na shoka. Na nyuma ya mchezo kulikuwa na Barazani, jukwaa ambalo wachezaji walikaa kupiga soga, kila mmoja kwa jina lake la vita. Kulikuwa na Daktari Mifupa, ambaye alikuwa kiunzi kitupu na kila ugonjwa aliuandikia maziwa. Na Nyoka wa Lango, mkuu wa gereza.

Kila jioni Nyoka alianza na swali lilelile.

"Mfungwa, umekula?"

"Nimekula ukuta," aliandika bibi. "Umebaki nusu."

"Bakiza. Kesho kuna mfungwa mwingine, na jela haina bajeti."

"Mwambie alete chumvi."

"Jabali, vumilia, tunakuja kukuokoa," aliandika Daktari Mifupa. "Nimetafuta magoti yangu sijayaona."

Bibi alicheka mpaka kitanda kikalia. Daktari alipouliza mlinzi wa gereza ana sura gani, Jabali alijibu: "Nyoka ana nafuu. Ninaye mlinzi mwingine huku, ana uso wa ngamia aliyeambiwa kisima kimekauka." Nyoka alikaa kimya kidogo, halafu akatuma vikatuni vya kucheka, safu nzima.

Barazani kulikuwa na sheria moja tu. Kila mtu amevaa kofia, yaani ni shujaa, ni nyoka, ni mifupa. Ukitaka kusema jambo lako la kweli, la mwili na damu, unaandika kwanza: Navua kofia. Hapo mzaha unakoma, na hakuna ruhusa ya kukuuliza jina wala mji. Ukimaliza unaandika: Navaa. Bibi hakuwahi kuvua. Chini ya kofia yangu, alijiambia, kuna mvi tu, na mvi hazina wa kuzisoma.

Jumatatu ya wiki ile ya muuza rangi, Nyoka alikuwa katikati ya kumsomea Jabali mashtaka. "Kosa la kwanza, kuchafua mtaro wa ngome kwa ndevu. Kosa la pili, kumtongoza kuku wa mlinzi. Kosa la ta— MAZIWA!"

Ujumbe ukaishia hapo.

Na nyuma ya ukuta bibi akasikia *shhhhh*, na kandambili zinakimbia pwata pwata pwata, na sufuria inabwagwa, na sauti ya mkwe: "Aka! Mungu wangu!" Harufu ya maziwa yaliyoungua ikapita chini ya mlango wake, pole pole, kama mgeni anayejua njia.

Simu ikatikisika. "Samahani, mfungwa. Yamemwagika yote. Kosa la tatu nitakusomea kesho."

Bibi aliisukuma simu chini ya mto kana kwamba imemng'ata. Nyoka alikuwa ndani ya nyumba! Nyoka amevaa kandambili na ufunguo shingoni! Mtu pekee aliyemchekesha tangu avunjike mguu ndiye aliyemwambia aondoke dirishani. Halafu akamkumbuka yule ngamia, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Jumanne hakuingia Barazani. Jumatano aliingia, akakaa kimya kama mwizi darini. Nyoka ndiye aliyeandika.

"Navua kofia. Nina mzee ndani kwangu. Mume wangu ameniapisha asishuke ngazi mpaka amwone kwa macho yake anashuka mwenyewe. Nikimfungulia akaanguka, nitaambiwa nimemuua. Nisipomfungulia, atakufa huku ananichukia, na ana haki. Ufunguo uko shingoni mwangu, lakini na mimi sitoki, maana hawezi kuachwa peke yake. Hata dukani vitu naletewa. Mara ya mwisho kukanyaga mchanga sikumbuki. Jumamosi wanampangisha mtu mahali pake, na sijui nimwambie nini. Navaa."

Daktari Mifupa aliandika "Pole, ndugu," na kwa mara ya kwanza hakuongeza maziwa.

Bibi aliusoma ujumbe ule, akausoma tena. Kumbe upande wa pili wa ukuta nao ni jela! Walikuwa wafungwa wawili wamegawana ufunguo mmoja, kila mmoja akimdhania mwenzake ndiye askari. Kidole kilimwasha aandike Navua kofia. Lakini mtu hutoboaje siri kwa mkwe wake kwamba ndevu saba zote zile zilikuwa zake? Akaandika akiwa na kofia yake kichwani:

"Ewe Nyoka! Sheria za ngome zasema mfungwa apimwe. Mume amesema mpaka aone kwa macho. Je, amesema macho hayo lazima yawe ndani ya nyumba? Simu ya siku hizi ina jicho. Mshushe mzee, afike chini kwa miguu yake, kisha mwonyeshe mume."

"Na akiteleza?"

"Mzee huyo hufanya mazoezi."

"Wewe umejuaje, Jabali?"

Bibi akang'ata ulimi. "Wazee wote," aliandika, "ni wajanja."

Ni kweli alikuwa akifanya mazoezi. Kila asubuhi mkwe akiwaambia watu "asante kwa kusubiri", yeye alipanda na kushuka kigoda kando ya kitanda, *du*, *du*, mkono mmoja ukiwa umeshika kabati.

Ijumaa, kabla simu za kazi hazijaanza, mlango wa chumba uligongwa. Mkwe alikuwa amesimama, uzi umevuliwa shingoni, ufunguo mkononi.

"Mama. Tujaribu ngazi."

"Ngazi zipi?" alisema bibi, uso mkavu kama wa mtoto aliyeiba sukari.

Kufuli likafunguka. Ngazi zilikuwa za saruji, nyembamba, zimelika katikati, na upande mmoja ukingo ulikuwa umeng'olewa. Mkwe alitangulia, akashuka kinyumenyume, mikono ameinyoosha kama anayepokea mtungi.

"Usinishike," alisema bibi. "Ukinishika nitakuwa sijashuka, nitakuwa nimeshushwa."

"Sijakushika, mama. Nashika hewa."

"Basi shika vizuri isianguke."

Ghorofa ya tatu walipita. Ya pili wakapita. Baada ya hapo ukingo ulikwisha kabisa, na mguu ule wa kuvunjika ukaanza kutetemeka wenyewe, kama mguu wa cherehani. Bibi alitazama chini. Ngazi zikawa ndefu kuliko maisha yake. Juu kulikuwa na mlango wa nondo, chini muuza rangi na makopo yake, naye katikati hana pa kwenda. Akaketi kwenye ngazi, pu!

"Turudi, mama," mkwe alisema kwa sauti ndogo. Macho yalimjaa maji. "Turudi tu. Sitasema kitu."

"Turudi wapi? Ukuta nimeshaula nusu."

Neno lilikuwa limeshatoka. Mkwe akamtazama. Bibi akatazama ukutani, mahali palipoandikwa namba ya fundi bomba. Kisha akainuka, akatanguliza mguu mzima, akaufuatisha ule mwingine, akitukana kila ngazi kwa jina lake, mpaka nyayo zake zikakanyaga mchanga wa uwanjani.

Mkwe alipiga simu ya video. Dereva akatokea, nyuma yake malori yanapiga honi kwenye foleni ya mizani.

"Mama! Nani kakufungulia?"

"Macho yako yananiona?"

"Yanakuona, lakini—"

"Niko wapi?"

Dereva akasogeza uso karibu na kioo. "Uko chini."

"Nani amenishika?"

Mkwe akarudi nyuma hatua, akainua mikono yote miwili juu ionekane.

"Mama, mimi ndiye niliyeitwa hospitali," alisema dereva. "Ulilala sakafuni unaita na hakuna aliyekusikia. Ukianguka tena huko peke yako, nani atajua?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na bibi akautazama mguu wake.

"Mimi nitajua," alisema mkwe. "Kila jioni huwa namuuliza kama amekula. Siku asiponijibu, nampigia jirani yake mwenye mto, na mimi nashuka ngazi hizi mbio."

"Kila jioni unamuuliza?" dereva alishangaa. "Nyie mbona hamuongei?"

"Tunaongea," alisema mkwe. "Na muuza rangi mpigie wewe, umwambie banda lina mwenyewe."

Foleni ikasogea, mtu akamtukana dereva kutoka nyuma. "Nitampigia," alisema. "Mama, gunia la sufi usilivute. Mwite mtu alivute." Na jicho la simu likafumba.

Wakasimama wawili uwanjani. Bibi alisugua mchanga kwa kidole cha mguu.

"Ulijua tangu lini?"

"Mama, kila nikiandika utani, ukuta unacheka," alisema mkwe. "Mwanzo nilidhani ni jirani."

"Na ile kofia uliyovua Jumatano..."

"Niliivua kwa ajili yako. Ana kwa ana nilishindwa. Kutwa nzima nawajibu watu ninaowaogopa kwenye simu, jioni kwako sina tena neno."

Bibi akakohoa. "Yule ngamia sasa—"

"Ngamia anakusalimu. Leo kisima kina maji."

Walicheka mpaka dereva wa teksi akapunguza mwendo akidhani anaitwa, na kweli wakamwita. Mkwe akamfungia mama mkwe wake mlango wa gari, kisha akatazama saa ya simu na uso ukarudi kuwa wa kazini. Watu waliokatiwa maji walikuwa wameamka. Bibi aligeuka kwenye kiti, akamwona anapanda ngazi peke yake, polepole, uzi mtupu umezungushwa kidoleni.

Jioni ile banda lilinuka panya na sufi, na Bibi Godoro alikuwa ameketi juu ya godoro lililofumuliwa, mguu ameuinua. Simu ikatikisika.

"Mfungwa, umekula?"

"Nimekula. Jirani ameleta. Wewe?"

"Nimeshuka ngazi nimenunua karanga," aliandika Nyoka wa Lango. "Sikuwa na haja ya karanga. Nimesimama tu mchangani nikazila zote, halafu nikapanda. Kesho simu zinaanza mapema." Kisha akaongeza: "Jabali, tazama. Nimekufungulia lango la gereza. Uko huru."

Kwenye kioo, lango kubwa lilikuwa wazi kweli, na nje yake nyasi za kijani. Daktari Mifupa alikuwa amesimama hapo akishangilia, goti moja ameshalipata.

Bibi alitazama zile nyasi.

"Funga, wewe!" aliandika. "Upepo unaingia. Na kosa la tatu hujanisomea."