Faneli Isiyooshwa

Mimi ni mtu wa kuosha vyombo. Nimezaliwa na mama ambaye ukigeuza sufuria yake unajiona meno, na tabia hiyo nilikwenda nayo hadi chuoni, kwenye maabara ya kemia. Chupa niliyoitumia niliisugua, nikaisuuza, nikairudia. Jirani yangu wa meza hakuwa hivyo. Tulimwita Vumbi, na jina lilimkaa vizuri kuliko koti lake, ambalo sijui kwa nini tuliendelea kuliita jeupe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho. Dawa niliyokuwa naitengeneza ilikusudiwa kuua ukungu wa ngozi, huu unaoleta mapunye vichwani mwa watoto. Mara ya kwanza niliitengeneza kidogo tu, nikapata fuwele: punje nyeupe ngumu kama chumvi, ila nyembamba. Nilizichuja kwenye faneli ya vitundu, nikazipeleka kupimwa, na vipimo vikazimaliza zote. Majibu yakarudi mazuri.

"Haya binti, sasa tengeneza nyingi," akasema Profesa. "Wenzetu wa vimelea wanaanza majaribio Jumatatu. Wanataka kitu kikavu na safi, si mchuzi."

Asiyekuwa na kitu Jumatatu angesubiri muhula ujao, na muhula ujao mimi nisingekuwapo. Dawa yangu ingemaliziwa na mtu mwingine. Nilipowaza hivyo nilishikwa na wivu kabisa, kama mzazi anayeambiwa mwanawe atafundishwa kutembea na jirani.

Nikatengeneza nyingi. Kazi ikaenda salama hadi mwisho, na mwisho wake nikapata mafuta. Mazito, ya manjano, yametulia chini ya chupa kama asali iliyosusa. Nikaiweka chupa kwenye barafu. Nikaikwaruza kwa ndani kwa kijiti cha kioo, maana mkwaruzo huzipa fuwele mahali pa kuanzia. Nikabembeleza, nikatukana. Mafuta yakanitazama tu.

Profesa akaja, akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Ni yenyewe hii," akasema. "Inataka mbegu tu. Punje moja ya zile za kwanza, uitumbukize humu, hizi nyingine zitaiga. Huna hata iliyogandia kwenye chombo?"

Nikaitazama meza yangu. Ilikuwa inang'aa. Kila chombo kilichowahi kuigusa ile dawa nilikuwa nimekisugua mpaka kikasahau. "Sina," nikasema.

"Kuosha nako kuna wakati wake," akasema Profesa, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipoikumbuka faneli. Ile ya kaure niliyochujia mara ya kwanza sikuiosha, kwa sababu sikuiona tena. Nilikwenda kupima uzito wa punje zangu, niliporudi haipo. Siku ile nilimshukia Vumbi mbele ya watu. Nikamwita mwizi, nikamwita mchafu, nikaongeza kwamba mama yake angeiona meza yake angehama mji. Yeye akaapa hajaigusa. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa nyusi.

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa jikoni anasugua sufuria ambayo kwa macho yangu ilikuwa imeshatakata.

"Na huyo kijana umemuuliza?"

"Nimuulize vipi, mama? Si nilimwita mwizi?"

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," akasema bila kuinua kichwa. "Kesho nenda kamwombe radhi. Aibu haijaua mtu."

Kesho yake, Ijumaa, nilimkuta Vumbi kwenye korido nje ya maabara, makombo ya biskuti yamejaa kifuani.

"Vumbi, samahani."

"Kwa lipi? Yako mengi."

"Kwa kukuita mwizi mbele ya watu. Nilikukosea."

Akatafuna taratibu, anajipa ukubwa. "Na mchafu?"

"Hilo liko palepale."

Akacheka mpaka akapaliwa. Nikampiga mgongoni, na alipopata pumzi nikamweleza shida yangu. Cheko likamkatika.

"Faneli ya kaure? Ndogo, ina pengo mdomoni?"

"Hiyohiyo."

"Basi mwizi ni mimi," akasema. "Wallahi nilidhani ni yangu. Juzi juzi nimeikuta kwenye droo, nikajiuliza, mbona ninazo mbili? Nikaona haya kuirudisha baada ya kuapa vile."

Nikamshika mkono. "Uliiosha?"

"Mimi?" akasema Vumbi.

Droo yenyewe ilikuwa ya chini kabisa, imejaa nyaya, glovu na soksi moja. "Mtaka cha mvunguni," akasema Vumbi.

"Sharti ainame," nikamalizia. Nilikuwa nimeshapiga magoti.

Tuliikuta ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye vitundu vyake palikuwa na ukoko mweupe, mkavu. Nikaukagua kwa lenzi, nikauona ni wangu, nikabandua punje moja kwa ncha ya sindano na kuidondosha kwenye mafuta.

Punje ikazama, ikakaa. Vumbi akaacha kutafuna. Halafu pembeni yake pakatokea weupe, ukatoa matawi, na matawi yakatoa mengine, mpaka chupa nzima ikaganda mikononi mwangu. Ilipata joto kidogo, kama fuwele zinavyofanya zinapokimbilia kuzaliwa. Nililia bila kuona haya. Nikamkumbatia Vumbi, yeye na madoa yake yote.

Jumatatu nilipeleka kichupa chenye unga mweupe mkavu. Nilikuwapo dawa ilipowekwa katikati ya sahani iliyooteshwa ukungu, na nilikuwapo siku sahani ilipofunguliwa: ukungu umejaa kote, ila kuizunguka dawa yangu palikuwa na duara safi, halina kitu. Profesa alilitazama akanitikisia kichwa. Kwake yeye hiyo ni hotuba ndefu.

Siku yangu ya mwisho maabara niliosha kila kitu, hata meza ya Vumbi, na yeye aliniacha niioshe. Mwisho nikaishika faneli. Mkono wangu ulikuwa umeshafungua bomba. Nikalifunga, nikaikung'uta faneli vumbi la nje, nikairudisha kwenye droo ya chini, karibu na soksi.