Mgeni wa Kyaghanda

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Kavugho hakupona. Aliugua wivu tangu siku Simone, mwalimu wa kike aliyetumwa Butembo kutoka Kasai, alipokaribishwa kwenye kyaghanda cha babu yake Kavugho.

Mzee Kitsa alikijenga kibanda hicho cha mviringo uani kwake mtaani Mususa, ili wanaume waote moto na wajukuu wa kiume wafundishwe hadithi za ukoo. Wanawake jikoni. Tangu utotoni Kavugho aliomba aketi humo, akaambiwa amenye viazi. Hadithi zote alizijua kwa kuzisikiliza nyuma ya ukuta, sufuria ikiungua. Basi Simone akaja na kalamu yake, anatafuta hadithi ya mashindano ya redio moja ya Beni, na mzee mwenyewe akamsogezea kiti.

"Sokulu, na yeye hapana mwanamuke?" Kavugho alimwuliza babu yake.

"Ni mugeni," mzee akajibu. "Mugeni hapana mwanamuke wa hapa. Enda uangalie sombe jikoni."

Akaenda. Mkubwa habishiwi. Lakini roho ilimuuma hasa! Alitamani angezaliwa Kasai, asiwe na ukoo hapa, ndipo apate kukaa kwenye moto wa ukoo wake. Alimwombea Simone ashindwe, tena aliomba kanisani, mchana kweupe.

Simone akashinda. Jumapili mtangazaji aliisoma hadithi yake, wanaume na Simone wameizunguka redio ndani ya kyaghanda, Kavugho kasimama mlangoni na mwiko. Ilimhusu msichana anayejua hadithi zote za babu yake kwa kuzisikia ukutani, maana hajaruhusiwa kuingia hata mara moja. Kavugho akajitambua. Kumbe yule mwanamke alikuwa akimwona! Angeshukuru, lakini wivu ulizidi: sasa hata uchungu wake ulisomwa kwa jina la mtu mwingine, na mtu mwingine ndiye aliyepongezwa.

Mzee Kitsa alikuwa analia, waziwazi, bila kuona haya.

"Ule mutoto ananiumiza roho," alisema. "Lakini babu yake, hana macho? Batu bengine, kweli!" Akapangusa pua. "Kavugho, letea madame chai."

Simone akainamisha kichwa. Kavugho akaja na chai, kikombe kimoja. Akawapita wanaume, akaketi chini kando ya moto, akainywa yeye mwenyewe, polepole, macho yake kwa babu yake.