Mama Hope Ahamia Linux

Mke wangu Marta amefundisha kwaya ya usharika wetu hapa Nkoaranga tangu binti yetu Hope hajaanza shule, na sasa Hope mwenyewe ana watoto. Karibu nyimbo zote tunazoimba amezipanga yeye, sauti nne, kwenye kompyuta iliyo sebuleni kwetu chini ya kitambaa cha kufuma. Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Kompyuta naijua kwa kuitazama tu, lakini naimba besi, na karatasi ninazosomea zinatoka humo.

Mwaka jana, mvua za vuli zikiwa karibu, kompyuta ilianza kumletea tangazo. Kila akiiwasha inamwambia kwamba mfumo wake umefikia mwisho wa kuhudumiwa, na kwamba mashine yenyewe haina sifa za kupokea mfumo mpya. Ilikuwa imekuwa nzito pia. Ukiiwasha unaweza kwenda kukata majani ya ng'ombe, ukarudi bado inajikokota. Tuliipeleka mjini Arusha kwa fundi mmoja. Akaitazama, akashauri tununue nyingine.

"Kwani imekufa?" Marta akamwuliza.

"Haijafa, mama. Imepitwa na wakati."

"Basi kama haijafa narudi nayo nyumbani," akasema, akaanza kukunja waya.

Jumamosi iliyofuata alikuja Twahira kutusalimia. Twahira alisoma shule ya msingi kwa Marta, na sasa anafundisha kompyuta sekondari moja huko chini, Maji ya Chai. Alitupa shikamoo, akanywa chai, akasikiliza habari ya fundi mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "kwa nini usihamie Linux?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni mfumo wa kompyuta kama huo wako, ila umetengenezwa na watu wengi duniani, kila mmoja kipande chake. Yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua aone ulivyo ndani, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Hauna uzito, kwa hiyo mashine kama hii inauweza."

Marta aligeuka kuitazama kompyuta. "Na nyimbo zangu?"

"Programu yako ya kuandikia noti iko huko pia. Na kabla ya kuhama unaonja kwanza. Unauwasha kutoka kwenye flashi, unauangalia, usipoupenda unachomoa."

Siku ile ile alionja. Twahira alitaka kukaa mbele ya kompyuta amfanyie, Marta akakataa. "Nielekeze tu, mwanangu. Nikikwama siku hupo, nitamwita nani?" Basi Twahira akawa anataja, Marta anabonyeza. Ile mashine iliyokuwa inajikokota iliamka upesi mpaka nikaweka kikombe chini.

Hakukurupuka, hata hivyo. Wiki nzima alinakili nyimbo zake kwenye diski ya pembeni, kisha akazifungua moja moja kwenye kompyuta mpakato ya Twahira kuhakikisha zimefika salama. Baada ya hapo ndipo walipoketi tena pamoja. Kioo kikamwuliza kama ana uhakika wa kufuta kila kitu kilichomo. Marta alifumba macho, nikajua anaomba. Kisha akabonyeza.

Twahira aliondoka mapema kwa sababu mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani, na njia yetu ikilowa ni utelezi mtupu. Alipoondoka tu, matatizo yakaanza. Kompyuta haikuiona intaneti ya nyumbani kabisa. Marta akampigia simu, akaelekezwa aunganishe simu yake na kompyuta kwa waya ili ipate intaneti kupitia hapo, kisha apakue programu ndogo ya kupokea intaneti iliyokosekana. Ikakubali.

Akafungua wimbo wa Majilio, ule tuliokuwa tunaufanyia mazoezi. Maneno yalikuwa yamehama. Silabi ya soprano ilikuwa imeangukia kwenye noti ya alto, na mstari wetu wa besi ulikuwa umebanana ukingoni mwa ukurasa kama kuku wakati wa mvua.

"Mama Hope," nikasema, "turudishe tu ule wa zamani."

"Wa zamani haupo, Baba Hope. Nimeshaufuta."

Alisema hayo bila huzuni yoyote. Akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kutafuta. Alikuta ukumbi wa mtandaoni ambako watu wanaotumia Linux huulizana na kujibizana. Akaandika swali lake kwa Kiingereza chake cha ualimu, akaenda kuchuma maharage. Aliporudi alikuta majibu, moja kutoka kwa mtu asiyemjua wala asiyeijua Nkoaranga, amemchorea kabisa pa kubonyeza. Kumbe aina ya maandishi aliyoizoea haikuwemo kwenye mfumo mpya, na ile iliyowekwa badala yake ilikuwa pana zaidi. Akachagua nyingine nyembamba, akaupanga upya wimbo ule, halafu wa pili, halafu nyingine zote. Printa yetu kuukuu, niliyodhani itagoma, ilitambuliwa yenyewe. Mazoezi ya Alhamisi kila mtu alikuwa na karatasi yake mkononi, na hakuna aliyejua yaliyompata mwalimu wao.

Mimi nilidhani habari imeishia hapo. Lakini Marta alikuwa amegundua kwamba programu yake ya noti inaweza kusema Kiswahili, akaigeuza. Siku moja nikiwa jikoni nikamsikia anacheka peke yake.

"Njoo uone! Hapa wanataka niweke 'mabaki ya robo'."

Nikatazama. Ilikuwa ile alama ya mahali ambapo mwimbaji ananyamaza, si kwa kusahau bali kwa kupangiwa. Mtafsiri alikuwa amelichukua neno la Kiingereza, 'rest', kwa maana yake nyingine ya kilichobaki.

"Kwaya yangu iimbe mabaki?" akasema. "Nani aliyeandika hivi?"

Alimwuliza Twahira kwa simu. Twahira akamwambia kwamba wameandika watu wa kawaida, kwa kujitolea, na hata yeye anaweza kusahihisha. Marta alikata simu, akaigeukia tena kompyuta. "Yaani wananikaribisha," akasema.

Akajiandikisha. Akapendekeza "pumziko". Baada ya siku chache akajibiwa na msimamizi wa tafsiri, Hatibu, mwalimu wa muziki anayeishi Tanga. Marta alinisomea kwa sauti: "Shikamoo mama. Nashukuru, 'mabaki' ni kosa na litaondoka. Ila huku kwetu alama hiyo tunaiita 'kimya'. Unaonaje?"

Marta alilitembeza lile swali nyumba nzima. Alikoroga uji nalo. Hatimaye akaandika: "Marahaba mwanangu. Kimya ni kile anachosikia aliyekaa kwenye benchi. Mwimbaji hayuko kimya, anavuta pumzi ajiandae kwa neno linalofuata. Kwa kuwa programu hii inatumiwa na mwenye kuandika wimbo, naomba tumfikirie mwimbaji."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi, nimemsikia akifundisha mara zisizohesabika, lakini sijawahi kumsikia akiieleza kazi yake hivyo. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba, nikiwa nimejawa na fahari.

Hatibu alikubali. Akamwomba pia amsaidie na maneno yaliyobaki, maana yalikuwa mengi na yeye yuko karibu peke yake.

Baada ya Pasaka toleo jipya la programu lilifika. Marta akalipakua, akafungua wimbo, na pale pembeni pameandikwa "pumziko la robo". Twahira alikuwepo. Alifungua ukurasa wa majina ya waliochangia, akateremka nao polepole, wageni watupu, mpaka akafika: Marta Anande.

"Mwalimu, uko humu!" akapiga makofi. "Yeyote atakayeifungua kwa Kiswahili, popote alipo, anatumia neno lako."

Marta alilitazama jina lake kwa kitambo kifupi, akatabasamu, kisha akaufunga ukurasa ule na kufungua orodha ya maneno yasiyotafsiriwa.

"Baba Hope," akaniita, "ule upinde unaofunga noti mbili ziimbwe kwa silabi moja, ninyi wa besi mnauitaje?"

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, tukaanza kulitafuta neno pamoja.