Pete Kwenye Sita

Mpe mtu kitu chenye namba, roho yake itakimbilia namba kubwa. Mpe redio, ataiongeza mpaka majirani wahame. Mpe darubini ya bunduki inayokuza mara sita hadi mara ishirini na nne, hata vumbi hajaifuta ataisukuma mpaka ishirini na nne, kisha akutazame utadhani jua kaliwasha yeye. Mtu wa namna hiyo alikuwa shefu Valéry, na Concilie alikuwa amemchoka tangu Jumatatu.

Concilie alikuwa na miaka hamsini na tisa. Miaka thelathini na moja kati ya hiyo alikuwa mlinzi wa wanyama, na katika ofisi yao ndogo ya Bujumbura yeye peke yake ndiye aliyeaminiwa kupiga mnyama mkubwa akileta balaa. Valéry alikuwa mkuu wake mpya, kijana wa diploma mbili ambaye hajawahi kupiga hata kanga. Concilie alikuwa amebakiza miezi minane aende retreti, astaafu. Miezi minane tu, na kila asubuhi Orlane, binti yake aliyeishi naye mtaani Kinama, alimkumbusha akiwa anafunga viatu: mama, funga mdomo, umalize salama.

Funga mdomo! Mdomo wa Concilie haukufungika hata kanisani.

Safari hii balaa lilikuwa Kajaga, ukingoni mwa ziwa. Kiboko mmoja dume alikuwa na waya wa mtego umemkaba shingo mpaka nyama imeoza, na maumivu yalimtia wazimu. Kwa wiki mbili alipasua mitumbwi mitatu na kumvunja mvuvi mmoja nyonga. Wavuvi wakakatazwa kugusa maji mpaka kazi iishe, na amri ikatoka kwamba dume huyo auawe, huyohuyo na si mwingine. Kila asubuhi alitoka majini kuota jua kwenye ulimi wa mchanga. Ng'ambo ya maji, mita mia tatu, kulikuwa na nyumba ya ghorofa isiyokwisha, na mtu akilala juu pale na bunduki anamwona kiboko bila shida.

Jumatatu Valéry alileta darubini mpya. Akaifunga kwenye bunduki ya Concilie, akamwagiza apige karatasi mpaka risasi zikakaa sawa katikati. Kisha akachukua skochi nyeusi, ule utepe wa gundi, akaizungushia mara mbili ile pete ya kukuzia, ikiwa kwenye ishirini na nne. Alieleza kwamba pete ikizungushwa baada ya kulinganisha, risasi itakwenda kwingine. Concilie akamwambia si kweli. Kwenye darubini nzima msalaba wa katikati unakaa palepale hata ukizungusha pete mara mia, kinachobadilika ni upana wa unachokiona. Akamwambia pia kwamba ikifika saa tatu mchanga unapika hewa, na darubini ikikuza mnyama inakuza na mtetemo wa lile joto, na pumzi yako, na mapigo ya moyo wako. Ukiweka ishirini na nne unaona ngozi inayocheza. Ukiweka sita unaona mnyama mzima, na unaona kilicho nyuma yake.

Valéry akatabasamu kwa adabu, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali ya wazee, kinywani mwa mtoto aliyezaliwa Concilie tayari anabeba bunduki! Concilie aliimeza, lakini ilimkaa kooni.

Naye hakuwa akibisha kwa kiburi tu. Kiburi alikuwa nacho, tusidanganyane. Lakini miaka kumi na tisa nyuma aliwahi kuazimwa darubini kubwa, akaiweka mwisho wa namba, akaona bega la kijivu, akapiga. Lilikuwa bega la jike. Dume aliyetafutwa alikuwa amesimama hatua nne tu pembeni, nje ya kile kiduara. Ndama alibaki na mama yake siku tatu, anamsukuma kwa pua ainuke, na Concilie alikaa ukingoni siku zote tatu kwa sababu miguu ilikataa kuondoka. Ripoti ilisema kazi imefanyika vizuri. Yeye aliapa hatapiga tena kitu ambacho hajakiona chote.

Jumanne alikuja Akilimali, mvuvi aliyekimbia vita upande wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, amevaa jezi yake ya njano iliyopauka. Aliomba ruhusa akautoe wavu wake kwenye matete nyuma ya ulimi wa mchanga. Ndiyo mali pekee aliyovuka nayo, na ukikaa majini zaidi utaoza. Concilie alimkatalia. Akamwambia wavu unafumwa, mutu hafumwi. Akilimali akaitikia ndiyo mama, huku macho yake yako ziwani.

Alhamisi saa tatu kasoro, Concilie alikuwa amelala kifudifudi juu ya zege la ile nyumba, bunduki kwenye gunia la mchanga. Valéry alichuchumaa kando yake ameshika simu, anarekodi, na simu nayo ameivuta mpaka mwisho. Dume alikuwa palepale, kichwa kushoto.

Ndani ya kiduara kulikuwa na ukuta wa kijivu unaotetemeka. Concilie alishusha pumzi, akasubiri moyo utulie, akasogeza taratibu mpaka akaupata waya, unang'aa ndani ya kidonda. Valéry hakuwa amekosea yote. Waya alitaka uonekane, na ulionekana.

"Waya unauona?" Valéry akauliza.

"Nauona."

"Basi piga, mama."

"Nyuma yake sijaona."

"Nyuma kuna matete. Piga."

Concilie akatoa kidole kwenye kifyatulio, akakipeleka juu, akaanza kutafuta ncha ya skochi kwa kucha. Valéry akashusha simu.

"Ukitoa ile skochi, kazi yako imeisha. Unanisikia?"

Miezi minane ikampita Concilie kichwani, mmoja mmoja. Aliiona sura ya Orlane. Alijiona amekaa nyumbani Kinama bila kitu, mikono juu ya magoti, watu wanapita wanamnyooshea kidole kwamba huyo ndiye aliyefukuzwa uzeeni. Aliogopa, kwa kweli aliogopa. Na katikati ya woga huo hasira ikapanda, hasira ya ndama na ya zile siku tatu.

"Nakusikia, shefu," akasema, akaivuta skochi yote, akaibandika kwenye mkono wa shati lake ili isipotee. Akazungusha pete mpaka sita.

Dunia ikafunguka. Dume akawa mdogo, mzima, kichwa na mkia. Mchanga ukatulia. Nyuma ya mchanga matete, na ndani ya matete, sawasawa na shingo ya dume, kitu cha njano kinainama na kuinuka. Mgongo wa mtu anayevuta wavu. Akilimali, kumbe.

Yebabawe! Kama angalifyatua dakika moja nyuma, ile risasi nzito ingalitoka upande wa pili wa shingo na kuendelea na safari yake.

"Kuko mutu nyuma yake," Concilie akanong'ona.

Valéry akaangalia simu yake. "Mi sioni mutu."

"We unaona ngozi."

Kupiga kelele haikufaa, maana dume angeshtuka, na mtu alikuwa hatua thelathini tu kutoka kwake. Concilie akafungua bunduki, akatoa risasi, akaitia mfukoni. Alilala vile na bunduki tupu karibu dakika arobaini. Valéry hakutulia. Alisema neno kuasi, akasema neno uzee, akapiga simu juu kwa wakubwa na kuwaambia kwamba mama huyu amekataa amri mbele yake. Hakuomba hata mara moja kuangalia kwenye darubini. Mwenye macho haambiwi tazama, alijisemea Concilie, basi naye hakumwambia. Aliendelea kuhesabu jinsi jezi ya njano ilivyoinama, mpaka wavu wote ukawa begani na Akilimali akaanza kujivuta kwenye maji ya magoti, anaelekea pwani, hajui lolote.

Concilie akarudisha risasi. Akatazama dume, mchanga, matete, maji, kisha dume tena. Pete ilikuwa kwenye sita. Akapiga mara moja, na yule mnyama aliyeteseka wiki mbili akalala bila hata kugeuza kichwa.

Walivuka kwa mtumbwi. Concilie alipita nyuma ya mzoga, akaingia kwenye matete, akaita. Risasi ilikuwa imepenya shingo na kukata matete manne kwa mstari mmoja. Chini yake kulikuwa na nyayo za miguu mitupu ambazo maji hayajamaliza kuzijaza. Akilimali alirudi akikimbia kwa sababu ya mlio, na Concilie alimtukana kwa Kiswahili, akamtukana kwa Kirundi, halafu akamshika shingo na kumsimamisha juu ya nyayo zake mwenyewe. Matete yaliyokatika yalimfika kifuani. Akiinama kuvuta wavu, yangemfika sikioni. Akilimali akayagusa, akakaa chini ndani ya maji na wavu wake begani.

Valéry aliyaona matete. Aliyaona vizuri, alisimama mbele yake muda mrefu na simu mkononi hakuiinua. Lakini alishawapigia wakubwa, na neno likishafika juu halirudi mdomoni. Ijumaa barua ikatoka, ile ya kudai maelezo: kwa nini mlinzi Concilie alikataa amri na kuharibu mpangilio wa chombo cha kazi, ajibu ndani ya saa sabini na mbili. Matete hayakutajwa. Kiboko alitajwa, kwamba kazi imefanyika vizuri.

Maneno yaleyale. Miaka kumi na tisa, na ofisi haijapata maneno mengine!

Orlane alimwandikia jibu zuri, kwa Kifaransa safi, linaloomba radhi mara tatu. Alimsihi atie sahihi, akalia kidogo. Concilie alimfuta machozi, akalikunja lile jibu akalitia kwenye Biblia, akachukua karatasi nyingine. Katikati ya karatasi alibandika ile skochi nyeusi. Chini yake akaandika: hii ndiyo niliyoitoa, nikipewa bunduki kesho nitaitoa tena.

Jumatatu aliipeleka mwenyewe, bunduki ya kazi begani. Valéry alisoma, akaweka kidole juu ya skochi, akakiondoa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba karatasi hii haiwezi kupanda juu, kwamba mama aandike radhi tu, mistari miwili, na yeye atamtetea ili amalizie miezi yake akilinda geti.

"Apana," Concilie akasema. "Nifukuze kama unataka. Lakini kwenye barua ya kunifukuza utaandika jina la Akilimali, na mahali alipokuwa amesimama."

Valéry akachukua kalamu. Akaishika juu ya karatasi, akaishika, na wino haukushuka. Concilie hakukaa kumngoja. Aliitoa bunduki begani, akaifungua kuonyesha kwamba haina kitu, akailaza mezani mbele yake ikiwa na darubini yake, pete kwenye sita, akaenda kusimama mlangoni.

"Angalia mara moja, mwanangu," akasema. "Angalia nayo dirishani tu. Utaona watu wangapi wanapita."