Walioitikia Karibu ya Martina

Mchana mmoja huko Rashidiya, ng'ambo, madam Huda alipokwisha kula na kwenda kupumzika, mtumishi wake Martina alivuta stuli ya jikoni akamega tonge la kwanza la ugali. Mbele yake zilikuwa zikikauka sahani za kaure ambazo zamani ziliandaliwa mezani kwa kaizari wa Urusi. Mafundi wa kaizari waliiga vyombo vya Wayunani wa kale: mandhari meusi, watu wa rangi ya udongo. Watu hao walikuwa wakimtazama, naye Martina alilelewa akaleleka. Akasema, "Karibuni."

Mwenye adabu hujibu, "Ahsante, tumeshiba." Wayunani hawakufunzwa hivyo. Walishuka. Askari, kimo chake kijiko, alivua chapeo akanawa. Mpiga kinubi aliulizia mchicha.

"Umejitakia, dada," alisema Aboud, dereva, mtu wa Lamu. "Kwetu hukaribisha aliyebakiza ukoko."

"Ningewanyima, kaka? Tangu enzi za kaizari wanatazama watu wakila!"

Hawakurudi sahanini. Hilo halikumkosesha Martina usingizi. Kilichomkosesha ni harusi ya bintiye Rosina, Jumamosi, Singida. Madam, aliyeifungia pasi ya kusafiria ya Martina kabatini, alikuwa amemwahidi likizo.

Madam aliziona sahani zimebaki nyeusi tupu. Akazikagua kama zina ufa, hazikuwa nao.

"Khalas," alisema. "Wakitembea mezani wanapendeza zaidi."

"Na likizo yangu, madam?"

"Likizo? Nani atawalisha hawa? Wewe ndiye uliyewaalika. Mwakani, inshallah."

Askari, kwa uungwana, alijitolea kulizingira kabati. Aboud alimuuliza kazi hiyo huchukua muda gani.

"Miaka kumi," alijibu askari, ambaye hakuzoea kusema uongo.

"Dada," alisema Aboud, "shika mwakani."

Jumamosi ikafika. Martina aliegemeza simu kwenye kopo la unga, na Rosina akatokea akiingia kanisani, shela likiburuzika. Wayunani walipiga vigelegele, vizuri tu kwa watu waliojifunza asubuhi ile. Askari alilia mpaka mpiga kinubi akamwazima upindo wa vazi lake. Padri alipowataka maarusi washikane mikono, sauti ya madam ilishuka kutoka ghorofani, ikitaka chai.

Martina alifuta macho, akajaza birika, akapanda ngazi na sinia. Wageni walibaki harusini.