Tanki Lisilo na Harufu

Uvumi ulianzia kwa wauza sombe, majani ya muhogo, wa mtaa wa Hewa Bora: tanki moja la mafuta mazito, njia ya Likasi, limemeza watu wawili, na wametolewa bila jeraha, kama waliolala. Wengine walisema ni uchawi wa patroni, tajiri wa kazi. Émerance aliucheka mbele za watu, lakini kila akisonga bukari ulimrudia. Mwanawe Hénoc alifanya kazi hiyo hiyo ya kutoa mafuta na matope kwenye matanki, hapa hapa Lubumbashi.

"Mama, uchawi gani tena?" Hénoc alimtania. "Mafuta ile iko nzito sawa lami. Tunaingiza mvuke, inalainika, inatoka kwa robine, ile bomba ya chini. Sasa patroni ameleta na chupa za gesi, azoti. Gesi njo inasukuma mafuta yenye ilikuwa inabakia. Tunapata mingi kupita zamani."

"Na ndani munaingia?"

"Kukwangua matope, ndiyo. Lakini tunanusa kwanza. Harufu ikiwa kali, tunangoja."

Ndivyo walivyozoea tangu wakati wa mvuke peke yake: mkubwa wa kazi anaingiza kichwa kwenye mlango wa pembeni wa tanki, ananusa, anaamua. Mkubwa huyo alikuwa Léonard, na pua yake ilisifiwa kazini kote.

Siku moja moyo wa Émerance ulikataa kukaa nyumbani. Akapeleka chakula mwenyewe. Alimkuta Léonard amechuchumaa mlangoni pa tanki, chupa tupu za azoti kando yake, anacheka.

"Mama Hénoc, karibu! Leo tanki iko safi sawa chumba ya bibi-arusi. Hakuna harufu hata kidogo!"

Akatambaa ndani na koleo lake. Koleo likagonga chuma, kisha kimya.

"Yaya Léonard! Acha mchezo!" Hénoc, aliyemheshimu kama kaka mkubwa, akachungulia, akamwona amelala kifudifudi kwenye matope. Akapenyeza mabega mlangoni.

Émerance alimdaka mkanda wa suruali kwa mikono miwili, akajiangusha chini kwa uzito wake wote.

"Mama, uniachilie! Anakufa!"

"Akufe! Weye hauingie!"

Neno likamtoka mbele ya watu wote.

Wazimamoto walipofika na vinyago vyao vya hewa, mwili wa Léonard ulikuwa umeshapoa. Daktari alieleza kwamba gesi ile ya azoti, yaani naitrojeni, haina harufu. Ilifukuza harufu ya mafuta, ikafukuza na hewa. Pumzi chache tu, mtu anaanguka. Wa pili angeanguka juu ya wa kwanza.

Kwenye matanga, Bwalya, mjane wa Léonard, alimuuliza Émerance taratibu, "Tantine, ni kweli ulisema akufe?"

Émerance hakukana.

Kwa sababu ya neno lile, Hénoc amehama nyumba ya mama yake. Akikutana na mama yake njiani anavuka upande wa pili. Émerance anasimama, anamtazama anavyotembea.

Wenye watoto kwenye kazi hii, muwakataze:

– Kupima tanki kwa pua.
– Kuingia baada ya gesi, kabla hewa haijapulizwa ndani na kupimwa kwa mashine.
– Kuingia bila kamba kiunoni na mtu wa kuishika nje.
– Kumfuata aliyeanguka bila kinyago cha hewa, hata akiwa ndugu.